Shira ya Bi Raya na Kopo la Nanga

Nimeadhirika leo, wallahi. Tena si kidogo. Vidole vinanata kwenye keibodi, na mhudumu wa duka hili la kompyuta amekwisha kuja mara mbili kukitazama kiti nilichokalia. Nawaandikia nyote watatu kwa barua moja ili nisilisimulie jambo hili mara tatu. Mara moja inatosha kuniua.

Mnajua nimeposa. Posa yangu kwa Thuwaiba imefika kwao huu mwezi wa pili, na jibu ni lile lile: "Tumesikia, tutawajibu." Mnajua pia maana yake. Maana yake unachunguzwa. Wanauliza msikitini, wanauliza barazani, wanamuuliza mwalimu wako wa chuoni kama ulikuwa mtoro (nilikuwa mtoro). Mimi nikawa nacheka peke yangu. Niko Guangzhou, nafunga marobota ya nguo. Nani atafunga safari mpaka huku kuja kunichunguza?

Mama yake mwenyewe kaja.

Hamisi, wewe wa Mombasa humjui, basi nikwambie. Bi Raya ni mpika halua na visheti pale Unguja mjini. Harusi isiyo na visheti vyake watu huiita kikao. Amekuja kutengenezesha tangi la kuchemshia shira: chuma kisichoshika kutu, lita mia, na koki kwa chini ya kufungulia, ili wasichana wake waache kuchota shira ya moto kwa kata na kujiunguza mikono. Karakana nilimtafutia mimi. Na katika barua yangu nilimwandikia asiwe na wasiwasi, mambo ya mabomba nayajua, baba yangu ni fundi bomba. Hilo la baba ni kweli tupu. Nilichoacha kuandika ni kwamba mimi kazi yangu ilikuwa kumbebea mfuko wa vifaa na kukimbilia maandazi.

Leo asubuhi ndiyo ilikuwa zamu ya kulijaribu tangi. Kesho lazima lifike bandarini Huangpu, kontena linafungwa, na keshokutwa Bi Raya anapanda ndege. Nikajua mitihani ni miwili, wa tangi na wangu. Nikaoga mara mbili. Nikajipaka mafuta. Nikavaa kanzu.

(Naam. Kanzu nyeupe, kwenye karakana ya vyuma. Nyamazeni.)

Tukafika. "Shikamoo Bi Raya, kaa hapa penye kivuli." "Marahaba mwanangu." Nikamfutia kiti kwa leso yangu mwenyewe. Mwenye karakana anaitwa Chen, mtu wa makamo, mwembamba, hasemi ovyo. Tangi lilikuwa limesimama juu ya miguu yake mitatu, linang'aa mpaka Bi Raya akajitengeneza mtandio kwa kujitazama humo. Kilichobaki kilikuwa kuifunga koki tu. Chen akatoa kijikasha, ndani yake mna utepe mweupe laini, akaanza kuuzungusha kwenye hesi za koki, yale meno ya kukazia, taratibu, kama anayemfunga mtoto bendeji.

"Nassor mwanangu," Bi Raya akasema, "huo utepe ni wa nini?"

Hapo ndipo ningeokoka. Nilitakiwa kusema, "Sijui, Bi Raya, ngoja nimuulize." Ni maneno machache, hayana mfupa. Lakini mkwe kauliza, na jicho lake liko usoni kwangu. Nikakohoa kwanza, kikohozi cha mtaalamu.

"Ah, hiyo ni plastiki tu. Hawa wana haraka ya kumaliza. Sisi kwetu koki hufungwa kwa katani na rangi. Baba ndivyo anavyofanya miaka yote, na hakuna bomba lake linalovuja."

"Basi si ufanye hivyo hivyo baba. Kitu kinakwenda mbali."

Kaniita baba! Mnaona? Nikamwona Thuwaiba kwa macho, amekaa na hina. Nikakunja mikono ya kanzu, nikamwondoa Chen pale, nikabandua utepe wake wote nikautupa.

Katani sikuipata. Nikachomoa nyuzi kwenye gunia lililokuwa pembeni. Rangi je? Nikatupa macho kwenye rafu, nikaona kopo la rangi nyekundu, nzito, nzuri, lina picha ya nanga. Nikasema moyoni, chapa nanga, hii haiachii. Nikalichukua.

Chen akaruka. "Laoban! Bu xing! Bu xing!"

Sasa Hamisi na Juma, nyinyi hamjafika huku, lazima niwaeleze. Mfanyabiashara yeyote hapa, hata aliyeanza jana, anaitwa laoban, yaani bosi. Na "bu xing" ni kusema haifai, haiwezekani. Pale sokoni Guangyuan Xilu hiyo ndiyo salamu yetu. Unataja bei yako, muuzaji anasema bu xing. Unaongeza kidogo, bu xing. Anajishika koo na kutoa ulimi, kwamba unamuua yeye na wanawe. Wewe unageuka, unaondoka hatua saba, hugeuki nyuma. Anakukimbilia, anakushika mkono, mzigo wako. Miaka miwili nimekula kwa mtindo huo. Sikuwahi kukutana na bu xing iliyokuwa na maana ya bu xing.

Kwa hiyo Chen alipojishika koo na kutoa ulimi, mimi nikamgeukia Bi Raya nikacheka.

"Anasema namuua. Analia bei ya kopo. Hawa ndivyo walivyo, usimtie maanani."

Nikamwekea Chen noti mezani. Bu xing! Nikaongeza nyingine. Akatikisa kichwa, akajikaba koo kwa mikono yote miwili, akayageuza macho. Mnyonge alijitahidi. Mimi nikageuka na kopo langu, nikaenda hatua saba. Kweli akanikimbilia! Kweli akanishika mkono! Nikajua nimeshinda.

"Mashallah," Bi Raya akasema, "unajua kusema nao."

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. (Kichina changu chote, ndugu zangu, ni cha kupunguza bei. Nikiumwa tumbo siwezi kusema tumbo, ila naweza kumwambia daktari ni ghali mno.) Chen akanitazama, akalitazama tangi, akanirudishia noti zangu, akaenda kukaa mezani kwake na bakuli lake la kome wa baharini. Nikaona huyu mtu ana heshima, amekubali kushindwa bila kinyongo.

Nikaanza kazi. Nyuzi za gunia nikazizungusha kwenye hesi, sikukumbuka zinaelekea kulia au kushoto, nikazipeleka nilikoona zinakubali. Nikapaka rangi, tena kwa ukarimu. Nikaiingiza koki. Ikaja sehemu ya kukaza, nami nahitaji ile spana ya kukaza na kulegeza upana wake. Mnalijua jina lake kwa mafundi wetu. Semeni wenyewe, mbele ya mkwe mtalitamkaje? Spana malaya! Nikabaki nanyoosha kidole, "Ile... ile chuma... ile inayofungua mdomo..." mpaka Bi Raya mwenyewe akainuka kunisaidia kutafuta. Nilitokwa na jasho la dhambi ambayo sijaifanya.

Nikakaza. Koki ikakolea, lakini mdomo wake ukaelekea ukutani badala ya chini. Nikakaza tena, ukaelekea juu, mbinguni. Haikutaka kuendelea zaidi. Basi nikairudisha nyuma robo mzunguko, mdomo ukatazama chini, uzuri wake. (Mafundi bomba wote wanaosoma hapa wameshashika vichwa. Sasa najua. Saa nne za asubuhi nilikuwa sijui.)

"Haya, sasa tulijaribu kwa maji," nikasema.

"Maji hayanambii kitu mie," Bi Raya akajibu. "Nataka niione shira ikipita."

Akafungua mkoba wake. Wallahi huyu mama alikuja China na iliki yake, na zafarani imefungwa kwenye karatasi. Sukari tukanunua duka la jirani. Akapika ndoo nzima mumo humo tangini, jiko la gesi chini yake, anakoroga, anasoma dua ya chini chini, na harufu ikatoka mpaka mafundi wa karakana za jirani wakaja kusimama mlangoni. Wakawa kumi, wakawa kumi na tano. Mimi nikawa napita mbele yao na kanzu yangu kama bwana harusi. Kisha akazima moto, akaiacha shira ipoe mpaka ikawa ya kustahimilika kwa kidole. Namshukuru Mungu kwa huko kupoa. La sivyo barua hii ningeiandikia hospitali.

Koki ikaanza kudondosha kabla hatujaifungua.

Tone moja. Tone jingine. Nikachuchumaa haraka, nikaikamata kwa kitambaa, mikono yote miwili, nikatabasamu.

"Inavuja?" akauliza.

"Inajizoesha, Bi Raya."

Akakinga kijiko kirefu, akafungua koki mwenyewe kwa juu ya mikono yangu, shira ikashuka. Akaifunga, akakiinua kijiko kwenye mwanga.

"Nassor. Mbona shira yangu imekuwa ya waridi?"

Jamani, kuna wakati uongo huja peke yake, huuiti. "Ni chuma kipya hicho. Mara ya kwanza hutoa rangi. Kama khanga."

"Kama khanga."

"Ee. Ukishafua mara mbili hivi, basi."

Bi Raya kanitazama. Yule mama ameuziwa khanga na watu waongo tangu kabla sijazaliwa. "Haya," akasema, "shira haitazamwi, huonjwa. Ngoja nijue ni chuma au ni maneno."

Wakati huo huo Chen kainuka mezani mbio. Alikuwa haniangalii tena mimi, alikuwa anamwangalia Bi Raya na kijiko. Akaibandua kalenda ukutani. Ilikuwa na picha ya meli iliyopandishwa kwenye chelezo, tumbo zima nje, na chini yake ni nyekundu. Akapiga kidole kwenye ule wekundu. Akapiga kidole kwenye kopo la nanga. Wekundu, kopo. Wekundu, kopo. Kisha akachukua kome mmoja kutoka bakuli lake, akajifanya anampaka rangi kwa kidole, akamtikisa, akamlaza mezani, akamfunika kwa karatasi gubigubi. Maiti.

Nikaelewa. Miaka miwili ya Kichina haijapata kunielewesha kitu kwa upesi ule. Ile ni rangi ya kupakwa chini ya meli, ya kuua kila chaza na kila kome atakayejaribu kuganda pale. Na mimi nimeipaka kwenye koki ya shira, kwa ukarimu, na mama yake Thuwaiba amekifikisha kijiko mdomoni. Nimemsikia kwa masikio yangu akisema, "Bismillahi..."

Sauti haikutoka. Nilifungua mdomo, hewa tupu. Na mnajua adabu yetu: mkwe huyo humtazami usoni vizuri, sembuse kumgusa. Niliiwaza hiyo adabu kwa muda ambao hata nzi asingetua. Nikaiachia koki, nikaruka, nikaupiga mkono wa mama mkwe.

Paa!

Kijiko kikaruka, kikagonga feni, kikaanguka nje uani. Nyuma yangu koki, iliyokuwa imeshikwa na mikono yangu tu na wala si na hesi, ikachomoka. Ndoo nzima ya shira ikashuka sakafuni. Nikaikanyaga. Nikateleza, nikaenda kwa makalio kutoka kwenye tangi mpaka kwenye viatu vya Bi Raya, nikaishia hapo, nimekaa, miguu mbele, kofia imebaki njiani. Kanzu ikanywa shira yote iliyoweza. Na kanzu nyeupe ikilowa mnajua haifichi kitu. Ndani nilivaa bukta ya sampuli niliyopewa dukani Zhanqian Road. Ina bata. Bata wa manjano, wengi, wanaogelea.

Watu kumi na tano mlangoni. Mmoja akaanza kucheka, wakafuata wote. Mpaka waliokuwa mbali wakaitwa waje waone bata.

Bi Raya hakucheka. Alikuwa ameushika mkono wake. "Umenipiga," akasema.

"Naam."

"Mie."

"Ni sumu, Bi Raya. Rangi ile ni sumu. Ni ya meli."

Akamtazama Chen. Chen akaionyesha kalenda, akaonyesha kopo, akamfunua yule kome marehemu. Bi Raya hajui hata neno moja la Kichina. Alielewa yote mara moja, bila kushushiwa bei.

"Na nani aliyeipaka?"

Ndugu zangu, nilitafuta uongo. Nilitafuta kila mfuko. Haukuwepo hata mmoja. "Mimi," nikasema. "Sijui kufunga koki. Sijawahi kufunga. Baba alikuwa akifunga, mimi nakwenda maandazi." Na hapo macho yakanijaa machozi, siwafichi. Si kwa ajili ya bata. Nilikuwa nakiona kile kijiko kinafika.

Bi Raya alivua baibui yake ya juu iliyorushiwa matone, akafunga mtandio kiunoni, akamwambia Chen kwa Kiswahili fasaha, "Haya, nionyeshe." Chen akaitupa ile koki pamoja na kopo lake ndani ya pipa, akaleta koki mpya. Tangi likasuguliwa kwa brashi ya waya penye hesi, likaoshwa kwa sabuni na maji ya moto mara sita. Bi Raya alihesabu. Kisha Chen akatoa kile kijikasha cha utepe, akamwonyesha kikasha chenyewe: kina picha ya bakuli na vijiti vya kulia. Utepe wa vyombo vya chakula. Ulikuwa pale tangu asubuhi, umechapwa picha ili hata mjinga aelewe.

Nikafunzwa nikiwa nimekaa kwenye ndoo, nimefungwa nailoni ya kufungia marobota. Hesi ziwe safi na kavu. Utepe unazungushwa kuelekea upande ule ule koki inakokazwa, la sivyo unajikunja wenyewe ikiingia. Unavutwa ukae sawa, mizunguko mitatu. Jino la kwanza mbele linaachwa tupu, ili uzi wa plastiki usije ukaingia kwenye shira ya watu. Unakaza kwa mkono, kisha spana, kidogo kidogo. Na ukipita pale ulipotaka, hurudishi nyuma. Unafungua yote, unasafisha, unaanza upya. Chen alionyesha mara moja. Bi Raya akafunga mwenyewe, mdomo wa koki ukatua chini sawasawa. Wakajaza maji, wakapita na karatasi kavu chini yake. Kavu. Wale kumi na tano wakampigia makofi. Mimi nilipojaribu kuinuka niisogelee, wote wawili wakasema "bu xing" kwa pamoja. Bi Raya amejifunza neno moja la Kichina, na amelitumia kwangu.

Tukarudi kwa teksi. Dereva alinitandikia magazeti. Nilivaa ovaroli ya Chen, inaniishia magotini. Njia nzima Bi Raya alikuwa anatazama dirishani na kupapasa mkono wake. Nikajisemea, Nassor, posa imekwisha, tafuta mke miongoni mwa hao bata. Tulipofika akaomba tusimame kwenye duka la simu, ampigie mumewe nyumbani. Akaingia kibandani. Mimi nikabaki nje. Mnajua wazee wetu simu ya mbali huipigia kelele ili ifike, kwa hiyo nilisikia, na mtaa mzima ulisikia.

"Ee! Tangi nimelipata, zuri! ... Na huyo kijana nimemwona! ... Kanipiga! ... Mkono! ... Hebu nisikilize kwanza, bwana, usinikatize! Alitaka kuniua, kisha akaniokoa, yote kwa siku moja! ... Ndiyo mwongo, ee, lakini uongo wake haudumu, nimeshauona mwisho wake! ... Nakwambia angeona haya kunigusa, saa hizi mngekuwa mnapokea maiti! ... Mwambie mshenga aje Ijumaa achukue jibu. Tumekubali!"

Nikashika ukuta.

"Lakini waandike, mbele ya mashahidi: jikoni kwangu haingii!"

Basi, ndugu zangu, nimekubaliwa, nami nanuka iliki. Chekeni mkitaka. Lakini chekeni kwa adabu, maana majina ya watakaoalikwa harusini ninayaandika mimi, na visheti ni vya Bi Raya.